Madaftari mezani kwanza: jibu kwa mwalimu wa taaluma kuhusu duara la ubora

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Tuko walimu kumi na mmoja. Kila Ijumaa tunafanya kikao cha taaluma, tunawekeana maazimio, muhtasari unaandikwa, lakini hisabati Darasa la Nne haisogei. Kaka yangu yuko kiwandani Dar es Salaam, ameniambia kwao wana kitu kinaitwa duara la ubora: wafanyakazi wa kawaida wanakaa wenyewe, wanamaliza tatizo. Kinafaa shuleni? Nitakianzaje bila mwalimu mkuu kuona nampindua? Na je, nimwandikie Afisa Elimu Kata kuomba kibali?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kinafaa. Lakini kabla ya mengine nikuondoe kwenye mtego ambao umenasa shule nyingi nilizopita: kudhani kwamba duara ni kikao kilichoboreshwa. Kwenye kikao mtu anaingia na maneno na kutoka na maneno, na yote yanaandikwa kwenye muhtasari ambao hausomwi tena mpaka kikao kijacho. Kwenye duara kuna tatizo moja tu, nalo liko mezani, linashikika: rundo la madaftari, karatasi za jaribio, rejista ya mahudhurio. Mkikaa na meza ikiwa tupu, hicho ni kikao chenu kilekile cha Ijumaa kilichobadilishwa jina.

Kaka yako amekuambia kweli, na asili yake inafaa uijue kwa sababu inaeleza kwa nini jambo hili linashika sehemu moja na kufa nyingine. Baada ya vita kuu ya pili, viwanda vya Japani vilikuwa vimevunjika na bidhaa zao zilidharauliwa duniani. Mwaka 1950 umoja wa wanasayansi na wahandisi wa huko, unaojulikana kwa kifupi JUSE, ulimwalika Mmarekani W. Edwards Deming akafundisha namna ya kutumia takwimu kulinda ubora. Waliomsikiliza walikuwa wahandisi na mabosi. Mnyapara kwenye karakana hakuwamo, na mashine ziko mikononi mwa mnyapara. Ndipo profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Kaoru Ishikawa, akashikilia kwamba takwimu hizo lazima zishuke hadi chini. Mwaka 1962 JUSE ilianzisha jarida la wanyapara, likahimiza kila mnyapara akae na watu wake walisome pamoja, kisha wajaribu walichosoma kwenye kazi yao wenyewe. Vikundi hivyo vya kusoma na kujaribu ndiyo miduara ya kwanza ya ubora.

Ona kilivyoanza. Kilianza na watu wa chini kujifunza kuhesabu makosa ya kazi yao wenyewe. Mambo ya kutoa maoni kwa wakubwa yalifuata baadaye. Shule zetu hupenda kurukia maoni, na kuhesabu makosa kukaachwa.

Sasa tuje kwa Darasa la Nne lako. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha swali lako, hata kama hukuliuliza hivyo.

Nina hakika, bila kuuona muhtasari wenu, kwamba moja ya maazimio ni "kuongeza mazoezi". Azimio hilo nimelikuta kila wilaya. Hebu siku ya kwanza ya duara msizungumzie alama kabisa. Vuteni madaftari thelathini ya hisabati bila kuchagua, mtafute swali moja la kutoa, tuseme 52 kutoa 27. Msihesabu waliokosa. Chukueni karatasi, mwandike majibu yenyewe waliyotoa, na kila jibu linapojirudia mpige mstari mmoja pembeni, kama karani wa kura. Jibu sahihi ni 25. Mtakuta 79, huyo amejumlisha kwa sababu hakuangalia alama. Mtakuta 24 au 26, huyo amehesabu vidole akateleza kimoja. Lakini jibu la kukosa ambalo huwa linazoa mistari mingi ni 35.

Hapo mabishano yataanza, na yaacheni yaanze. Mwalimu wa Darasa la Nne atasema hawa hawajui kabisa kukopa: wameona 2 na 7, wakatoa ndogo kwenye kubwa wakapata 5, kisha 5 kutoa 2 wakapata 3. Mwalimu wa Darasa la Tatu, ambaye ndiye aliyewafundisha mwaka jana na hapendi kusikia hivyo, atasema wanajua kukopa sana, ila wamesahau kupunguza kule walikokopa: 12 kutoa 7 ni 5, na 5 haikupunguzwa, kutoa 2 ni 3. Wote wawili wako sahihi, na wanaweza kubishana hadi jua lizame, kwa sababu swali lenyewe haliwezi kuamua. Njia mbili tofauti za kukosea zinaishia kwenye 35 ileile.

Katika kikao cha kawaida hapa ndipo mwenyekiti husema "tuchukue yote mawili, tuendelee na ajenda". Kwenye duara mnabadilisha swali. Wapeni watoto 54 kutoa 28. Jibu sahihi ni 26. Mtoto anayetoa ndogo kwenye kubwa ataandika 34. Mtoto aliyekopa akasahau kupunguza ataandika 36. Sasa makosa yamejitenga yenyewe, na wala hamkuhitaji mtaalamu kutoka wilayani. Kesho yake asubuhi mnaandika maswali matano ya aina hiyo ubaoni, dakika kumi, mnakusanya.

Angalia tofauti ya tiba. Mwenye 34 hana picha ya makumi na mamoja kichwani. Kwake tarakimu ni vitu viwili vilivyokaa jirani bila udugu. Huyo mnamrudisha kwenye vijiti: mafungu matano ya kumi na vijiti vinne, toa vijiti ishirini na nane, afungue fungu kwa mkono wake. Mwenye 36 hahitaji vijiti, vitamchosha bure. Anahitaji tabia ya kufuta 5 na kuandika 4 juu yake kabla hajaendelea. Mkiwapa wote "mazoezi zaidi", maswali hamsini kwa wiki, mwenye 34 atakuwa amefanya mazoezi hamsini ya kukosea. Ndiyo maana matokeo yenu hayasogei ingawa mnafanya kazi kweli.

Na kuna jambo la kuuma kidogo. Kwa nini mtoto anatoa ndogo kwenye kubwa? Endeleeni kuuliza kwa nini juu ya kwa nini. Mara nyingi mtafika Darasa la Kwanza au la Pili, ambako mwalimu kwa nia njema aliwaambia "huwezi kutoa namba kubwa kwenye ndogo". Siku ile ilikuwa sawa. Miaka miwili baadaye imekuwa sumu. Kwa hiyo mwalimu wa Darasa la Pili lazima awemo kwenye duara hilo, ingawa matokeo mabaya yanasomwa kwa jina la mwalimu wa Darasa la Nne. Duara la hisabati lenye walimu wa Darasa la Nne na kuendelea tu linaanza kwa kutazama mahali ambapo kosa limeonekana na kuacha mahali lilipozaliwa.

Baada ya wiki tatu pimeni tena, kwa namba nyingine zenye tabia ileile. 63 kutoa 27 inafaa: sahihi ni 36, mtoa-ndogo-kwenye-kubwa ataandika 44, msahaulifu wa kupunguza ataandika 46. Bandikeni karatasi mbili za mistari ukutani ofisini, ya kwanza na ya pili, bila majina ya walimu wala ya watoto. Karatasi hizo mbili zinawatosha kwa muhtasari.

Utasikia pia habari za mchoro wa mfupa wa samaki, ambao Ishikawa ndiye aliyeutunga: kichwa ni tatizo, mifupa ni vyanzo. Ni chombo kizuri, lakini kwa duara changa la walimu mimi siupendi. Nimeuona ukichorwa ubaoni mara nyingi, na kila mara mfupa wa "wazazi hawashirikiani" unanenepa kuliko samaki mwenyewe, ukifuatiwa na "upungufu wa vitabu" na "msongamano". Huenda yote ni kweli. Lakini walimu watano mliokaa hapo hamwezi kuyamaliza kufikia Jumatano ijayo. Mkiuchora, wekeni sharti: chanzo ambacho tiba yake haiko mikononi mwetu kinaandikwa pembeni ya ubao, kinapelekwa kwa mwalimu mkuu au kwa umoja wa wazazi na walimu, na duara halikizungumzii tena.

Hilo linanileta kwa mwalimu mkuu wako. Hofu yako ni ya haki. Mwendee wewe mwenyewe kabla hujamwambia mwenzako yeyote, umwombe vitu viwili tu. Cha kwanza ni dakika arobaini kwa wiki ndani ya saa za kazi. Cha pili ni kwamba duara likimletea pendekezo atajibu ndani ya wiki moja: ndiyo, au hapana na sababu yake. Hapana yenye sababu haijawahi kuua duara. Kinachoua ni pendekezo kulala kwenye droo. Na muhula ukiisha, duara lionyeshe kazi yake mbele yake na mbele ya walimu wote, apate sifa zake kama kiongozi. Huko Japani nako kikundi huwasilisha kazi yake mbele ya wakubwa, na wakubwa wanasikiliza.

Asikalie kiti cha duara, lakini. Na hapa utanisamehe: wewe pia usiliongoze. Wewe ndiye unayekagua maandalio yao ya somo. Mwalimu hawezi kukuonyesha kosa lake Jumatano ilhali Alhamisi unalisaini. Mwache mwalimu wa Darasa la Tatu au la Nne aongoze, wewe uwe mwezeshaji wa kutafuta karatasi, kuchonga penseli na kulinda muda. Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Nilipokuwa mdhibiti ubora wa shule, nilishawishi shule moja ianzishe duara na nikajialika kwenye mkutano wao wa tatu. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kimya, ila kalamu ilikuwa mkononi kwa mazoea. Nikamwona mwalimu mmoja akisukuma madaftari yake chini ya meza kwa mguu, taratibu. Duara lile halikukutana tena. Sikuwa nimesema neno.

Wajumbe watano au sita wanatosha, na kwa shule ya walimu kumi na mmoja usifanye zaidi ya duara moja. Wasilazimishwe. Swali la posho litakuja, nawe ulijibu bila kuzunguka: hakuna. Lakini kwa sababu hakuna posho, usiwanyang'anye jioni zao. Watu wanapenda kusifia moyo wa kujitolea wa Wajapani bila kusimulia sehemu ya pili. Mwaka 2007 mahakama ya Nagoya iliamua kwamba kifo cha mfanyakazi kijana wa Toyota kilitokana na kazi kupita kiasi, na shughuli za duara la ubora zikahesabiwa kuwa kazi, si burudani yake. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kuwa italipa muda wa ziada unaotumika kwenye miduara. Kwa hiyo mwalimu wako wa zamu akisema saa kumi jioni amechoka, usimwone hana moyo.

Muda ndani ya saa za kazi upo, tena halali. MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tayari yanataka walimu mkutane shuleni kwenye jumuiya za kujifunza. Usiongeze kamati ya nane juu ya saba mlizonazo. Tumia nafasi hiyohiyo, ubadilishe kinachofanyika ndani yake. Kenya walipita njia ya karibu na hii. Tangu mwaka 1998, kwa ushirikiano na Wajapani kupitia JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, mradi wa SMASSE ulianza kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, na moja ya nguzo zake ilikuwa mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Ni mzunguko uleule wa viwandani unaoitwa kwa jina la Deming, uliovaa kanzu ya shule.

Kama ndugu zako walimu watasema hayo ni mambo ya viwandani, wapeleke hospitali. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza mwaka 2007 njia ya Kijapani ya kupanga na kuboresha kazi, nyingine zikafuata, na leo ukutani utasoma sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nyuma ya maneno hayo kuna timu ndogo za wauguzi, wahudumu na watu wa stoo wanaojikusanya kumaliza kero za wodi yao. Muuguzi anayehesabu dawa zilizopotea na mwalimu anayehesabu majibu ya 34 wanafanya kazi moja.

Ila ukweli una upande wake mwingine. Wajapani wenyewe hawakuhitaji kulihamisha duara la kiwandani kwenda darasani, kwani walimu wao walikuwa na desturi ya zamani zaidi: mwalimu mmoja anafundisha, wenzake wamesimama ukutani wanatazama watoto, kisha wanakaa kulichambua somo. Mkishazoea madaftari, nawashauri mfike huko. Mwalimu wa Darasa la Pili afundishe kutoa kwa vijiti, wenzake wanne watazame mikono ya watoto. Watazame mikono ya watoto, narudia, siyo mwandiko wa mwalimu ubaoni.

Hukuuliza kuhusu wanafunzi, lakini kuna mahali wamewatangulia walimu. Huko Lucknow, India, iko shule iitwayo City Montessori, iliyoanza mwaka 1959 na watoto watano na sasa inatambuliwa kuwa kubwa kuliko zote duniani kwa idadi ya wanafunzi. Tangu miaka ya 1990 wao waliunda miduara ya ubora ya wanafunzi wenyewe, na shule za nchi nyingine, Nepal ikiwamo, zikaiga. Watoto wanachagua kero yao, wanaihesabu, wanatafuta chanzo, wanajaribu dawa, wanasimama kuieleza mbele ya watu. Kwa Darasa la Sita lenu kero inaweza kuwa foleni ya bomba wakati wa mapumziko, au wanaofika baada ya kengele. Mtoto aliyesimama langoni wiki mbili akiandika nani amechelewa na kwa nini anajifunza takwimu bila kujua kuwa anasoma takwimu. Angalizo moja: msilijaze viranja. Na msilipe duara la watoto kazi ya kuwashtaki wenzao, maana mkifanya hivyo mtapata majina mengi na sababu za uongo. Lakini hili liacheni hadi mwakani.

Sasa nikuonye kuhusu muhula wa pili. Marekani waliipokea miduara hii kwa shangwe. Kiwanda cha Lockheed huko California kilianza mwaka 1974, na miaka ya mwanzo ya themanini kila kampuni ilitaka yake. Mwaka 1985 watafiti Edward Lawler na Susan Mohrman walieleza kwa nini mingi ilikuwa inazimika: matatizo mepesi huisha mapema, mapendekezo yanayofuata yanagusa mamlaka na fedha, wakubwa wa kati wanaona wanapigwa kikumbo, na wajumbe wakinyimwa majibu wanarudi kwenye soga. Nimeiona hali hiyo kwetu pia. Duara linafaulu kwenye kutoa namba, walimu wanachangamka, kisha wanarukia "utoro" au "lugha ya kufundishia", vitu ambavyo wizara nzima inahangaika navyo. Likimaliza kutoa, lipeni kuzidisha. Likimaliza kuzidisha, lipeni maswali ya mafumbo, ambako mtakuta tatizo si hisabati bali kusoma, na hapo mwalimu wa Kiswahili ataingia.

Hakuna ubaya pia likifa baada ya kumaliza kazi yake. Livunjeni, mnywe chai, muunde jingine na watu wengine kwa tatizo jingine. Ni bora hivyo kuliko duara lenye katibu na mhuri linaloendelea kukutana kwa sababu lipo kwenye ratiba.

Kuhusu barua: Afisa Elimu Kata mwarifu, usimwombe. Kibali mkiombe cha nini, walimu kutazama madaftari ya wanafunzi wao? Mwalimu mkuu amtajie kwa mdomo kwamba muda wa jumuiya ya kujifunza mnautumia kuchambua makosa ya kutoa, inatosha. Akitaka kuona, mwonyesheni zile karatasi mbili za ukutani.

Mkishavuta yale madaftari thelathini, niandikie majibu mliyokuta na mistari yake. Na kama 35 haikuongoza, nitafurahi zaidi kujua ni jibu gani lililoongoza.